Mama Goreti, Viazi Hukuiba Wewe

Mama Goreti,

Viazi hukuiba wewe. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, kama nilivyozunguka ulipokuwa hai.

Leo nimepanda tena. Mvua imenyesha siku mbili hapa kambini Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, udongo wa nyuma ya nyumba umelainika, na kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimefukia mbegu zote. Nilipomaliza nilikaa mlangoni na matope mikononi, nikasikia furaha. Ile ile ya siku zote. Kisha haya ikanishika. Furaha hii ulinipa wewe, na mimi nilikulipa vile.

Nilipofika hapa kutoka Bukavu, na mama yangu na binti yangu Neema, nilikuwa sijawahi kulima hata kitunguu. Kwetu nilikuwa mwalimu. Viazi, birayi kama tunavyoviita kwetu, nilivijua sokoni na kwenye sahani. Wewe ulikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mnyarwanda uliyeishi Kongo miaka mingi mpaka Kiswahili chako kikawa chetu. Uliniona nimekaa mlangoni wiki baada ya wiki, nangojea siku ya kugawiwa chakula. Ukaniita: "Mama Neema, kuya huku. Utakaa vile mpaka lini?"

Kile kipande cha nyuma kilikuwa hatua kumi kwa sita, kimejaa mawe na vipande vya plastiki. Tulikisafisha sisi wawili. Ulikuwa na katoni ya viazi vidogo kutoka soko la Dowa, ambavyo ulikuwa umezoea kuviita kachewere kama wauzaji wa kule, na ulikuwa umeviweka chini ya kitanda mpaka vimeota. Ukanionyesha jinsi ya kukata kikubwa vipande viwili na kupaka jivu pale palipokatwa. Ukavilaza shimoni, machipukizi juu: "Macho iangalie juu, ione njia." Maji ya kuoshea vyombo tukayapeleka kwenye matuta. Majani yalipopanda tukayapandishia udongo, na baada ya wiki mbili tena, kwa sababu ulisema kiazi kikiona jua kinakuwa kijani na kuchukia watu.

Na ile siku ya kwanza ya kupapasa! Maua yalikuwa yameanza kuanguka. Nilitaka kung'oa shina nione, ukanipiga kofi mkononi. "Hapana ng'oa. Ingiza mkono pembeni, papasa, chukua ile kubwa, funika. Itazaa tena." Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Udongo ulikuwa vuguvugu juu, baridi chini. Nikagusa jiwe, nikagusa mzizi, kisha nikagusa kitu cha mviringo, laini, na nikapiga kelele kama mtoto. Wewe ukapiga vigelegele. Watu wakatoka nyumbani kuuliza nani amezaa. Jioni ile tulikula viazi vitano na chumvi, familia mbili, na mama yangu akasema hajashiba vile tangu Bukavu.

Mama yangu alikuwa anakaa mlangoni akituangalia. Kila siku, msimu wote. Sikuwahi kujiuliza anaangalia nini.

Mwaka wa tatu ulinigawia nusu ya kipande iwe yangu peke yangu. Februari nilikwenda kuchimba kwa ajili ya ubatizo wa Neema. Majani yamesimama, mashina hayajaguswa, lakini chini kulikuwa na vidogo tu, kama karanga. Tuta la kwanza, la pili, la tano. Nani mwingine alijua kupapasa?

Nikatoka na jembe mkononi. Wewe ulikuwa umekaa nje unamenya viazi, beseni zima.

Nikakuuliza: "Hizo umetoa wapi?"

"Dowa. Nimenunua jana."

"Zako si uliniambia zimeisha?"

"Njo maana nimenunua." Ulicheka kidogo. Ulidhani nataka kuonja.

Ningeishia hapo. Ningekwambia tu kilichonikuta, ungekuja tukaangalia matuta pamoja. Lakini nilinyamaza mpaka Alhamisi, siku ya mkutano wa kina mama kanisani, nikasimama mbele ya wote. Nikasema kuna mtu amekula ubatizo wa mwanangu. Nikakutaja. Na sikuishia hapo, Mama Goreti. Nikasema: "Lakini Banyarwanda si tunabajua."

Nilikuwa nimekula kwako. Neema alikuwa amelala kwako akiwa na malaria, kifuani pako. Na neno lile lilikuwa liko ndani yangu, limekaa tayari, halikuhitaji hata kutafutwa.

Wewe ulikunja kitenge chako magotini, ukakaa mpaka sala ya mwisho, ukaondoka na wengine. Baada ya hapo ukifika kwenye pampu ya maji, wanawake walisogeza ndoo zao. Niliona. Na nilijiambia kwamba ni haki. Haukupita mwezi ukafunga mlango, ukaenda Lilongwe kwa binti yako Goreti, kule Area 36. Ulipita mbele yangu na mzigo kichwani ukasema, "Mubaki salama." Mimi nikajifanya ninafagia.

Sasa nikwambie cha Machi.

Mvua ilikuwa kubwa, bati likavuja upande wa kitanda cha mama. Nikavuta valizi yake, sanduku lake la nguo, isilowe. Haikusogea. Nikaivuta kwa mikono miwili, harufu ikanipiga usoni, nikafungua. Viazi. Vimefungwa ndani ya vitenge vyake, vingine kijani, vingine vimeoza, vingine vimetoa miche mirefu myeupe. Pembeni sufuria ndogo, kiberiti, na chumvi kwenye plastiki.

Mama alikuwa nyuma yangu. Hakuona aibu hata kidogo. "Ni ya njia," akaniambia. "Ile safari tulitoka mikono bure. Safari hii, hapana."

"Mama, nani alikufundisha?"

"Mi nilikuwa nabaangalia."

Akili yake ilikuwa imeanza kwenda na kurudi, nami nilikuwa sijaona. Kila saa sita, mimi nikiwa kwenye cherehani nikishonea watu nguo, yeye alikuwa kwenye matuta yangu, akipapasa vizuri kuliko mimi, na kufunika vizuri kuliko mimi.

Unafikiri nilikimbia kwako siku ile? Nilichukua viazi vilivyooza nikavifukia nyuma ya choo, haraka, majirani wasione. Vizima nikavipika. Nikala. Alhamisi nikaenda kanisani nikakaa mahali pangu. Nilijiambia ninamlinda mama asichekwe. Uongo. Nilikuwa ninajilinda mimi. Nikasema nitakwenda baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka nilifika Lilongwe mara mbili, kupeleka nguo za mteja mmoja Area 18. Mara zote mbili nilisimama stendi, nikasikia wapiga debe wanaita Area 36, Area 36. Nikapanda gari la kurudi kambini.

Julai habari ikafika kanisani kwamba tensheni, presha ya damu, imekupanda, umelala hukuamka.

Nilikuja kwenye kilio. Goreti aliniona mlangoni akanijua bila kuambiwa. "Wewe njo Mama Neema." Nikamwomba tutoke nje. Tulisimama kwenye kamba ya nguo, nikamwambia yote: matuta, kanisa, valizi, stendi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema:

"Mama alijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Alimwona tate wa Neema, mama yako, kwenye shamba, mkono ndani ya udongo. Mbele ya ile Alhamisi ifike. Mi nilimwambia, rudi useme! Akakataa. Akasema, yule mzee anatayarisha safari, na yeye pia alificha maharage vile vile kambini kule Kongo, mwaka mzima, batoto wake bakilala njaa. Akasema hawezi kumvua mzee nguo mbele ya watu." Goreti alikuwa analia kwa hasira. "Mi nilimukasirikia sana. Bado niko namukasirikia."

Nikapiga magoti. Akanishika bega akaniinua, siyo kwa upole. "Mi siko mama. Usiniombe mi. Pale ulisemea, rudi useme pale."

Nilirudi nikasema. Alhamisi ya kwanza nilikaa mpaka sala ya mwisho nikarudi nyumbani, sikufichi. Alhamisi ya pili nilisimama. Niliposema kwamba viazi alichukua mama yangu mzazi, kiongozi wa kina mama akaanza wimbo, akidhani ananisaidia. Mwingine akasema hayo yamepita. Nikasema hapana, sijamaliza. Nikarudia lile neno la Banyarwanda, nikasema ni mimi nililisema na lilikuwa uovu, na ninyi mlinisikia mkatikisa vichwa. Kulikuwa na wamama wawili wa kwenu nyuma. Mmoja akatoka. Mwingine alibaki, lakini mpaka leo hajanisalimia, na simdai salamu.

Mama bado anapapasa. Nimemwachia tuta la ukutani, na kila Jumamosi nafungua valizi, natoa vilivyooza, naacha vizima. Akiuliza kama viko tayari, namwambia viko tayari.

Nyumbani kwako kumeingia mama mmoja kutoka Uvira, na watoto watatu. Juzi alisimama kando ya matuta akaniuliza nani alinifundisha kulima birayi. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotaka kutoka yalikuwa mepesi: jirani mmoja, alihama. Nikayameza. Nikamwambia jina lako. Nikamwambia tulivyosafisha mawe, na vigelegele. Kisha nikamwambia nilichokufanyia, hapohapo, kabla hajashika mbegu. Akageuka akaingia kwake. Sijui kama atarudi.

Hii ndiyo ahadi yangu, sina nyingine: yeyote atakayeniuliza nitamwambia yote mawili, ulichonipa na nilichokutenda, na sitasema moja nikaficha jingine, hata mbele ya Neema akiwa mkubwa.

Uliponiaga sikukuitikia. Naitikia sasa, nimechelewa. Uende salama, Mama Goreti.

Mama Neema