Miiba Iliyofunga Njia ya Diff

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa na Koplo Abdinasir, kituo cha polisi, Garissa
Jina: Yarrow Siyad. Umri: miaka 63. Kazi: karani mstaafu wa ofisi ya mifugo. Makao: Garissa mjini.

Leo ni tarehe 14 Septemba 1994. Niliondoka kwetu Diff mwaka 1966, na kwa miaka ishirini na minane sijakanyaga huko. Nimekuja kwa hiari kwa ajili ya Awil, mchungaji anayezuiliwa hapa akidaiwa kutega bomu barabarani. Hakulitega. Mimi niko hai kwa sababu yake.

Mnamo tarehe 11 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori la Guleid linalopeleka unga Diff. Nilikuwa nimefunga mizigo yangu yote, niende kuishi huko hadi Mungu atakaponichukua. Guleid, akiniita adeer, yaani ami, alinitania: "Adeer, ulitoka Diff na meno yote. Unarudisha mangapi?" Nikamjibu kwamba yaliyobaki yanatosha kumng'ata dereva mzembe.

Saa saba mchana, tukiwa tumeshapita Dadaab, tulikuta miiba imelazwa katikati ya njia. Kwa madereva wa huku miiba ni majambazi, na dawa yake ni mwendo. Guleid akakanyaga mafuta. Ndipo nikaona juu ya miiba ile chombo cha maziwa cha kusukwa, kimepinduliwa, mdomo chini. Kwetu, kisima kikiharibika, mchungaji hukifunga kwa miiba na kupindua chombo chake juu, ili hata mgeni asinywe. Jambazi haonyi mtu.

Nikasema, "Simama!"

"Adeer, hapa anayesimama ndiye anayezikwa."

Nilimshika mkono. Lori lilisimama miiba ikigusa bampa.

Awil alitoka kichakani mikono juu, sauti imemkauka. Alisema alfajiri aliona watu wawili wakichimba njia, wakafukia kitu, kisha wakapitisha kipande cha tairi juu ya udongo ili ionekane gari limepita. Walipoondoka alifunga njia na kuketi kuilinda. Mbuzi wake walitawanyika. Alisikia kengele zao zikienda mbali, hakuwafuata.

Nilimwuliza ukoo wake. Alipoutaja, Guleid alinitazama, maana ndio tuliopigana nao tangu zamani.

Nikamwuliza Awil, "Ulijua lori hili ni la watu wetu?"

"Nilijua, adeer. Nilijua pia mnaendesha kama wendawazimu, ndiyo maana nikaongeza miiba."

Gari la askari lililokuwa nyuma yetu likafika. Waliona miiba, wakaona mtu, wakamtia pingu, na sisi wakaturudisha Garissa. Kesho yake wanajeshi walilifukua bomu palepale alipoonyesha, na kujua kwake mahali kukageuzwa kuwa kosa lake.

Siwalaumu askari. Nimesoma mengi kuhusu vita vya majeshi makubwa. Hivi vyetu havina sare wala mstari wa mbele. Aliyelitega huenda sasa yuko sokoni anakunywa chai. Hahitaji kushinda. Inamtosha watu waogope njia.

Mwaka 1966 kaka yangu Hanad aliuawa na bomu la namna hii, njia hiihii. Wapo waliowaona waliolitega. Hakuna aliyeweka hata tawi moja. Hilo ndilo lililonitoa Diff, kuliko bomu lenyewe.

Namshukuru Mungu, kisha Awil. Nilikuwa naenda kuona kama bado yupo mtu wa kumfungia mwenzake njia. Nimempata kabla ya kufika.

Koplo ameniuliza nitapatikana wapi kesi ikiitwa. Guleid anaondoka tena Ijumaa na ameniwekea nafasi. Nimemwambia aijaze unga. Nitakuwa hapa Garissa siku yoyote mahakama itakayotaja, na Awil akiachiliwa atakula kwangu mpaka apate mbuzi wengine.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Diff sitarudi.

Sahihi: Yarrow Siyad

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Amekabidhi chombo kimoja cha maziwa, akiomba Awil arudishiwe. Nimemweleza kuwa kitakuwa kielelezo hadi kesi iishe. Nilimwambia pia kwamba sentensi yake ya mwisho haihusu kesi. Alisema inahusu. Nimeiacha.

Koplo Abdinasir