Chujio na Kopo la Magadi

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo, halafu nikakaa nasubiri marahaba. Mazoea tu.

Baba alinunua chujio la maji kwa rambirambi iliyobaki. Shangazi akanuna: "Hela ya msiba hainunui vyombo!" Baba akamwambia, "Homa ya matumbo imeshamchukua mke wangu. Wanangu haiwapati." Sasa limekaa jikoni, palepale ulipokuwa ukiweka ndoo yako.

Madam wa kemia anasema ndani yake mna chembe za nano. Ni ndogo, Mama, ndogo mno, hata punje ya unga mbele yake ni Mlima Meru. Alieleza kwa Kiingereza, nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikuja kuelewa nikikata viazi. Si ulisema kiazi kizima hakikolei chumvi, ila ukikikata vipande inaingia kote? Basi ndiyo hivyo. Kitu kikikatwakatwa mpaka kufikia udogo huo, sehemu yake ya nje inakuwa kubwa ajabu, kinagusa vingi, kinashika vingi. Chembe za madini ya fedha huua vijidudu. Wanazitia hata kwenye bandeji za walioungua. Nyingine, kwenye chujio letu, zinakamata floraidi ya maji ya huku mlimani. Kama chujio lingekuwepo kabla hujaugua… Hapana. Siwezi kuandika hilo.

Floraidi ndiyo iliyotia meno yangu kahawia. Ulizoea kunicheka, "Meno ya Arusha hayo, hata mchungaji anayo!" Nami nacheka nimeziba mdomo. Sikukuambia kwamba darasani sinyooshi mkono kwa sababu yake, hata jibu nikiwa nalo.

Mdogo wangu Godi ameng'oka meno ya mbele. Kila asubuhi namwambia afungue mdomo nimchungulie. Madam anasema ya mbele huenda tumechelewa, ila ya nyuma bado yanajitengeneza ndani ya fizi. Nikaapa hayo yatoke meupe. Maji yake yote nayachuja, hata ya kusukutua.

Halafu Madam akatuagiza tulete maji ya nyumbani na chochote tunachotia chunguni. Dawa yake ni nyekundu; ikipauka, floraidi ipo. Maji ya chujio yakabaki mekundu, nikafurahi peke yangu. Akayatia magadi kidogo, yale niliyoyachota kwenye kopo lako la maziwa. Dawa ikapauka kuliko hata kwa maji ya mto.

Mama, nachuja maji kwa uangalifu wote, halafu nairudisha floraidi kwa kijiko! Kila Jumamosi nalainisha makande kwa magadi kama ulivyonifundisha. "Makande bila magadi ni mahindi yaliyopotea njia." Nilikuwa nafuata mkono wako tu.

Jumamosi iliyopita sikutia. Nililoweka maharage usiku kucha, nikapika mpaka kuni zikaisha. Godi akaonja, akasukuma sahani. Akasema, "Haya hayana Mama."

Nilishindwa. Nilichota magadi, nikatia, akala yote huku akichezesha miguu. Mimi nikatoka nikalilia migombani. Nifanyeje? Nikimpa ladha yako naharibu meno yake. Nikimnyima ni kama nakuzika tena, na safari hii kwa mikono yangu. Baba siwezi kumwambia, kopo lako hata kulisogeza anakataa.

Lakini leo asubuhi Godi alifungua mdomo nikaona ncha ya jino. Ina mstari mweupe kama chokaa. Sijui ni mwanzo wa kahawia au ni jino tu. Naogopa kumuuliza Madam.

Jumapili nikirudi kutoka ibadani, nitalifukia kopo miguuni pa kaburi lako, pale kwenye migomba. Baba akiuliza nitamwambia ni mimi. Nakuahidi Godi atakula makande yangu, hata akinuna mwezi mzima, na siku moja atacheka mdomo wazi mbele za watu.

Lala salama, Mama. Nisamehe nikikutoa kwenye sahani yake.

Wako,
Neema