Ile Friza Iliyo Kwako Thika

Ruiru, Jumapili

Dada yangu mpendwa Wakonyo,

Mwongeli amenipokonya kalamu sasa hivi akaitumbukiza kwenye uji, eti anakoroga sukari. Nimeiosha, bado inaandika, basi wacha nikusalimie kabla hajanirudia. Hamjambo huko Makongeni? Mgongo wako unaendeleaje, na bwana yako Kagwe, na watoto? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Huyu Mwongeli wangu amejifunza kusema "hapana", siku hizi analisema hata akiulizwa jina lake.

Najua umenipigia simu mpaka ukachoka. Nimeizima. Wale wa mikopo ya simu wananipigia tangu asubuhi, na nikikosa kushika wanawapigia watu wote ninaojuana nao. Walimpigia mpaka pasta! Kama walikupigia na wewe, pole sana dada. Nimeona heri niandike, maana kwa simu ningelia tu, na wewe ungeanza kunibembeleza kabla sijamaliza.

Unajua biashara yangu ya kuku ilikufa. Sikukuambia kwamba nilikuwa nalipa deni la wamama wa chama kwa mkopo wa simu, na huo wa simu kwa mwingine, nachimba shimo nikiziba shimo. Mume wangu Mutisya alipojua hakunigombeza. Aliacha ugali nusu, na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi juzi tukaenda kanisani kumwona wakili anayesaidia watu bure, mama mpole anaitwa Nduku. Mimi siku zote nilidhani kufilisika ni tusi. Akasema hapana, sheria imetuwekea njia. Kuna ya mtu ambaye hana mali yoyote ya kuuza na deni lake si kubwa sana. Huyo anaapa hana kitu, na mwaka ukiisha vizuri, deni linafutwa. Kuna ya mwenye kitu kidogo na kibarua kidogo, ambaye ofisi ya serikali inampangia alipe polepole kadiri anavyoweza, na wanaomdai wanaacha kumsumbua. Halafu kuna ile ya korti kukutangaza muflisi, mali yako ikawekwa chini ya mtu wa kuiuza na kuwagawia wanaokudai. Hata hiyo, akasema, si jela. Dada, niliposikia si jela nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, mpaka Mutisya akanikanyaga mguu.

Nikachagua ile ya mtu hana kitu, mbio. Nikamwambia njoo uone nyumba yetu, ni kitanda na sufuria. Akaniangalia. Akauliza, hata kwa jirani huna kitu? Hata kwa ndugu? Akasema watu wengi huhamisha vitu wakisikia chama kinakuja kubeba, wakidhani ni ujanja, na hapo ndipo wanapojiharibia. Kuficha mali ni kosa, na aliyewekewa naye ataitwa aeleze.

Nikakukumbuka wewe.

Dada, ile friza niliyokuletea nikakuambia tunapaka nyumba rangi, hakukuwa na rangi. Huyu mwenye nyumba hajawahi kununua hata brashi. Ni Mama Dalmas wa mlango wa pili aliyenipa akili. "Wewe Kui, utangoja wale wamama wabebe friza ukiwaangalia? Hamisha, mjinga wewe!" Nikahamisha siku wao wote walikuwa matangani. Nikakufanya stoo yangu, na wewe ukanishukuru, ukaanza kuuza maziwa mala, ukanitumia na chupa mbili. Sikuweza kuyanywa. Nilimpa Mwongeli.

Ningenyamaza, labda deni lote lingeisha baada ya mwaka. Lakini wewe ungekuwa mficha mali, na hujui. Kwa hivyo nimeshasema. Wakili ameandika friza moja, iko kwa dada yangu Thika. Ile njia rahisi imefungwa, sasa nitalipa polepole, nikifulia watu nguo. Kusema ukweli sijutii. Ninachojuta ni kwamba watu wa ile ofisi watakuja kuitazama, huenda ikauzwa, na ni wewe utakayefungua mlango wateja wako wakiona.

Wakili anasema ukitaka kuinunua mwenyewe kwa bei ya haki hakuna ubaya, mradi pesa ziende kwa wanaonidai. Sikuombi hilo. Nakuambia tu ujue. Ila tafadhali usiihamishe, hata Kagwe akikushauri.

Msalimie sana, umwambie nitakuja kumweleza mwenyewe, asikulaumu wewe. Watoto wote nawabusu. Ukisoma hii ukanyamaza, nitaelewa. Ukija kunigombeza, njoo, nitapika chapati na nitakaa nisikilize mpaka umalize. Lakini usinisamehe haraka, dada. Tangu mama atuache umekuwa ukinisamehe hata kabla sijamaliza kukosa, na safari hii mimi nataka kwanza unikasiri

Mutisya ananiita, maji yamerudi, wacha nikimbie na mitungi kabla hayajapotea tena.