Kazi Yangu Ilikuwa Kununa

Jumatatu, 15 Mei
Siku ya walimu, maabarani kwetu. Keki, maua, nyimbo. Aliyempachika Profesa Maeng ua kifuani ni Chae-rin — wa mwaka wa pili! Mimi wa mwaka wa sita wa uzamivu nilishika sahani. Kisha Profesa akatuonyesha grafu ya Chae-rin. Watu tuliowatia msongo katika jaribio, damu ya ubongoni imepungua, lakini ubongo unaendelea kula sukari kama kawaida. Eti homoni za msongo zinabana mishipa na ubongo haujali. Wote wakaguna kwa mshangao. Profesa kasema miaka ishirini hajaona kitu kama hicho. Chae-rin akainamisha kichwa. Hata kuona haya anajua! Roho iliniuma, keki nikairudisha sahanini.

Jumanne, 16 Mei
Kwenye makala ya utafiti huo jina lake ni la kwanza. Langu la nne. Bila jina la kwanza sihitimu, na anajua.
Na nani aliwatia watu hao msongo? Mimi! Mkono kwenye maji ya barafu, wanahesabu kurudi nyuma, wakitoa kumi na saba kumi na saba, nami ndani ya koti jeupe nafoka: umekosea, anza upya. Homoni ilipanda kweli, mate yao yalipopimwa yalionyesha. Profesa alinichagua mimi, alisema, kwa sababu uso wangu hauhitaji mazoezi. Walicheka wote. Chae-rin alipewa kuwapokea kwenye mashine ya kupiga picha ubongo na kuwafunika blanketi. Bila shaka.

Alhamisi, 18 Mei
Sokoni nimekutana na Bi Gil, muuza tofu, mmoja wa niliowafokea. Nilidhani atanikwepa. Akanishika mkono! Mwanangu, ulinifokea weee, halafu ukanipa kahawa tamu vikombe viwili, nikakusamehe palepale.
Kahawa.
Niliwapa wote niliowafokea. Watu wa umri wa mama yangu wanatoka macho mekundu, ungefanyaje? Pakiti mbili, maji ya moto, samahani mama. Wale wa kundi lingine hawakufokewa, kwa hiyo hawakupewa. Kutoka hapo moja kwa moja kwenye mashine. Na kahawa inabana mishipa ya ubongo, damu inapungua, ubongo unachapa kazi vilevile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua! Grafu ile si homoni. Ni kahawa yangu.
Nikiri: cha kwanza kilichonijia ni furaha. Nimempata! Nilitembea vituo viwili vya basi nikitabasamu. Kufika kituo cha tatu ndipo nilipokumbuka aliyechemsha maji ni nani.

Ijumaa, 19 Mei
Nikisema, anaanguka, nami naanguka naye. Nikinyamaza, anang'aa. Ang'ae kwa kahawa yangu! Nimemkuta anakula tambi, nikamuuliza makala inatumwa lini. Jumatatu, dada. Akanisogezea yai lake. Nimelila.

Jumatatu, 22 Mei
Kila mwandishi amjibu Profesa kabla ya saa kumi na moja: nakubali. Neno moja tu.
Nilikuwa nimeamua kusema. Si kwa wema — kwa kijicho. Mradi aanguke. Nikafungua baruapepe. Majina mawili ya kwanza yana nyota, lake na langu, waandishi wa kwanza kwa pamoja. Mimi!
Nikamfuata Chae-rin. Kumbe amembembeleza Profesa wiki nzima. Bila dada hakuna utafiti, alimwambia. Yeye alijaribu kufoka siku ya kwanza akaishia kulia mwenyewe. Dada, wewe kununa ni kipaji chako! Akacheka. Nataka kumchukia kwa amani, hanipi nafasi. Miaka sita nalilia kitu hiki, na anayenipa ni yeye.

Saa kumi na dakika arobaini. Wengine wote wamejibu. Chae-rin amechungulia: bado wewe tu, dada, kuna tatizo? Nimemwambia aingie, nina neno. Ameketi. Neno zuri au baya?
Naandika nisimtazame. Nikisema sasa, nasema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu hata kwenye nyota jina lake limeandikwa kabla ya langu? Amevuta kiti, kanisogelea. Anadhani namwandikia Profesa. Haraka dada, ananiambia, andika tu nakubali, halafu uniambie —