Kitendawili cha Thelathini na Nane

Jumatatu, 6 Julai 1953

Shule imefungwa tangu Ijumaa. Kesho safari! Barua ya mwaliko nimeisoma leo mara ya saba: mkutano wa walimu wanaotunza makasha ya vitabu vya kuazimisha vijijini, Nachingwea siku mbili, halafu tena Ruangwa tarehe 30. Kila mwalimu alete alichoandika. Mimi ninacho – vitendawili vya Kimwera sitini na viwili, Kiswahili chake kando. Miaka miwili ya kazi. Juu ya karatasi ya kwanza nimeandika kwa mwandiko wa ubaoni: VIMESIMULIWA NA DADA YANGU, BIASHA BINTI SALIMU, MATAMBARALE. Mtu wa vitabu hamsahau aliyempa maneno. Dada hajui kusoma wala hajui kwamba nimemwandika. Vikichapwa nitamsomea jina lake, nione sura atakayofanya!

Amenisagia karanga za njiani. Kanicheka: vitabu vinne, shati moja. Mawazo yake yote yako kwa Fatu, binti yake, anayeingia unyago mwezi ujao na wenzake. Kaniki mpya iko juu ya sanduku, imekunjwa, na ole wake atakayeigusa.

Jumanne, 7 Julai

Baiskeli mpaka Ruangwa, kisha lori, juu ya magunia ya mtama. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Nachingwea nimepokewa na Teofili, mwalimu wa Chiola, tuliyesoma naye chuo kimoja. Kanitembeza. Treni nimeiona! Nilidhani ingekuwa ndefu zaidi. Halafu mashamba ya karanga ya Wazungu – pori lote liling'olewa, sasa nyasi zinarudi zenyewe. Matrekta yamepangwa mstari, mengine hayana magurudumu. Teofili anasema walileta kila kitu isipokuwa mvua. Nilicheka, ila moyo uliniuma kidogo. Kazi yote ile.

Jumatano, 8 Julai

Vitabu! Meza nzima! Nilinawa mikono kabla ya kuvishika, wenzangu wakanitania kwamba nakwenda kuswali. Nimesoma kurasa ishirini za kimoja nimesimama, chai ikapoa.

Bwana wa ofisi ya vitabu, Mzungu mwembamba kutoka Dar es Salaam, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Anataka yale watu wanayosema kweli. Atakayetunga mwenyewe akasema ni ya wazee, maandishi yake hayatachapwa, na kasha la vitabu atanyang'anywa. Niliitikia kwa kichwa kwa nguvu kuliko wote. Vyangu ni vya kweli, kila neno.

Alhamisi, 9 Julai

Siku yangu. Nilitega, ukumbi ukaitikia "Tega!" kwa sauti moja, watu wazima arobaini. Cha 38, kile cha chungu, ndicho kilichowasha moto. Jibu lake sina, niliandika "halijulikani". Wakabuni, wakabishana, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa.

Jambo moja. Barazani walikuwepo wanawake waliotupikia wali. Niliposoma cha 38 wakaacha kupakua wote. Mmoja akaweka mwiko chini akaniuliza, hicho umepewa na nani? Nikajibu kwa fahari: dada yangu, Biasha binti Salimu wa Matambarale. Akauokota mwiko wake.

Bwana amezichukua karatasi zangu. Zitachapwa! Cha 38 anasema kinapita vyote. Mimi, Isihaka, kitabu! Wali ule sikujua hata kama ulitiwa chumvi.

Jumamosi, 11 Julai. Chiola

Nimekuja kwa Teofili kutembea. Asubuhi tumekwenda misheni, nimeona kabati lao la vitabu, la vioo, na ufunguo. Nilikuwa na furaha mpaka saa sita.

Dionisia, mkewe, aliweka chakula akaondoka bila kunikaribisha. Teofili akamfuata jikoni. Akarudi hanitazami usoni. Kile si kitendawili, kasema. Ni maneno ya unyago. Wanawake wa kanisani nao wanayajua, wa msikitini nao, na hayatoki kwa mwanamume. Mwanamke akiyatoa anatengwa. Mkewe anauliza: huyo dada yake alilogwa?

Nimeisukuma sahani kando.

Kwa sababu dada hakunipa. Sitini na kimoja kanipa yeye, ameketi, anacheka. Hiki nilikisikia mwenyewe, masika, walipokuwa wakitwanga nyuma ya nyumba, yeye na Bi Mwanaima, kungwi mkuu. Walikuwa wanaimba chini chini. Nilikuwa ndani na penseli. Nikaona ni kizuri. Nikakiandika, nikakitia katikati ya vingine, chini ya jina lake.

Jumatatu, 13 Julai

Habari zilifika Matambarale kabla ya baiskeli yangu.

Dada hakunipokea mzigo. Aliniuliza jambo moja tu: nilikwambia lini? Nikamweleza ukweli wote. Akasikiliza mpaka mwisho. Kumbe uliketi ukatusikiliza, akasema. Akaingia ndani.

Unga aliopeleka kwa makungwi kwa ajili ya Fatu umerudishwa mlangoni. Hawatampokea mtoto wa mama wa namna hiyo. Nimemwambia dada nitakwenda kuwaeleza kwamba hana kosa. Akasema nani ataamini – jina lake nililitaja mwenyewe mbele ya watu, tena na la baba.

Jumatano, 15 Julai

Nachingwea tena, kwa baiskeli njia nzima. Miguu si yangu. Bwana aliondoka na treni Ijumaa, karatasi ziko naye. Nimeketi posta nikaandika barua: tafadhali cha 38 kiondolewe, na jina la dada pia. Nilitaka kuandika kwamba kijitabu chote kisichapwe. Nilianza. Nikakata. Sitini na kimoja ni safi, nilijiambia, vina kosa gani? Stempu imelambwa, barua imekwenda, na mimi najijua nilivyo.

Jumapili, 19 Julai

Hakuna jibu. Fatu haongei na mtu. Wenzake walipita kwenda kisimani, akajificha nyuma ya ghala. Ana miaka kumi na miwili. Asipoingia mwaka huu, ataingia na wadogo zake, au hataingia, na hapo nani atamwoa, nani atamwita mwenzangu? Nimefungua kitabu nijisahaulishe. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne.

Alhamisi, 23 Julai

Nimekwenda kwa Bi Mwanaima. Shikamoo yangu aliijibu kwa Kimwera, polepole, kama anasema na mgeni. Nilianza kueleza jinsi nilivyowasikia kupitia ukutani, akanikatiza: ukweli huo hautaki. Nikitangaza kwamba nilisikia kwao, kila mtu atajua kwamba ni kitu chao kweli. Karatasi utazifuata Dar es Salaam, kasema. Na vichwa vya wanaume arobaini utavifuata wapi?

Kisha akatoa sharti. Nisimame Ruangwa mbele ya wale wale, niseme kile cha chungu nimekitunga mwenyewe. Hakina maana yoyote, na hakuna mwanamke aliyenipa. Watacheka, watakisahau. Nikifanya hivyo, Fatu ataingia na wenzake Jumamosi tarehe mosi.

Nikasema, Bi mkubwa, huo ni uongo. Akasema, uongo utakuwa wako. Sisi tunataka kilicho chetu.

Nikitamka hayo, kijitabu kimekwisha, na kasha la vitabu litakwenda kwa mwingine. Nitaitwa mwalimu mwongo mpaka nizeeke. Nitasema. Nimekwisha mwambia dada kwamba nitasema.

Jumapili, 26 Julai

Dada amepika leo, mara ya kwanza. Tumekula. Aliuliza kasha la vitabu likiondoka nitasoma nini. Laiti angenitukana!

Jumatano, 29 Julai. Ruangwa

Tumefika wote watatu, Fatu juu ya baiskeli, dada na mimi kwa miguu. Tuko kwa ndugu wa marehemu baba. Bi Mwanaima kamtuma mwanamke mmoja aje kusikia. Dada anasema naye atasimama dirishani: kusoma sijui, lakini kusikia nasikia.

Alhamisi, 30 Julai. Ndani ya mkutano

Naandika nyuma ya ratiba. Teofili anasema juu ya mchwa na makasha. Baada yake ni mimi.

Nimejifunza maneno yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. Cha thelathini na nane nilikitunga. Mafupi tu. Dada yuko dirisha la pili, na Fatu, na yule mwanamke.

Bwana amefika sasa hivi na lori, amebeba furushi. Kapita karibu yangu, kaniinamia sikioni. Barua yako nilipata, Mwalimu, nikacheka. Usione haya. Hicho ndicho kizuri kuliko vyote, na dada yako anastahili heshima yake. Kabla sijatamka neno alikwisha fika mezani.

Amekata kamba. Vijitabu! Arobaini, vimebanwa pini. Vinapita mkono kwa mkono, Teofili hakuna anayemsikiliza tena. Kila mwalimu atakwenda na chake nyumbani.

Changu kimenifikia. Ukurasa wa kwanza: BIASHA BINTI SALIMU. Herufi kubwa, zimenyooka, hakuna hata moja iliyopinda. Cha 38 wamekipa mstari wake peke yake. Sasa nikisema nilikitunga, jina lake lililochapwa litanikana mbele yao.

Mungu anisamehe. Kabla sijamfikiria dada, kabla ya Fatu, nilikipeleka puani nikanusa wino. Ni kizuri. Ni kizuri, jamani, kuliko nilivyokiota.

Dada amekiona mkononi mwangu. Haelewi ni nini. Ananitabasamia anitie moyo.

Mwenyekiti ameita jina langu. Wanapiga makofi –