Swali Nililolinyoosha

Shangazi yangu,

Kesho asubuhi nitasimama mbele ya wakutubi wa Temeke na Kinondoni niwafundishe namna ya kujibu maswali ya watu kuhusu bima ya afya. Wamenichagua mie kwa sababu nimesoma, na kwa sababu wanaamini nilipokuwa chini yako sikuwahi kukosea. Daftari lako liko mbele yangu. Kuna ukurasa mmoja ambao sijui kama nina moyo wa kuufungua mbele yao. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa tulikuzika kabla ya Ramadhani na barua hii haina pa kwenda.

Nilikuja kwako nimemaliza chuo juzi tu, kwenye chumba chetu cha kusomea nyuma ya ofisi ya kata. Matibabu yalikuwa yameacha kuwa bure, na redio ilishaanza kuitaja bima. Watu hawakuja tena kuazima vitabu, walikuja kuuliza. Ukanipa daftari hili.

"Liandike kama alivyoliuliza," ulisema. "Usilinyooshe. Kisha msomee. Akikubali kwamba ndilo, ndipo utafute karatasi yenye jibu, na umwonyeshe mstari kwa kidole."

Niliona ni mambo ya kizamani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali la Mzee Chande, aliyekuja kila siku kusoma gazeti: "Bima ya gari naijua, likigongwa unalipwa. Sasa mie mpaka nigongwe?" Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulisema ameuliza jambo la msingi kuliko yote, kwamba mtu anachanga akiwa mzima au akishaumwa, na ukamtafutia jibu nusu ya siku.

Yule mwanamke wa ukurasa ninaouogopa alikuja siku uliyokwenda mjini kuchukua magazeti. Alizungumza kwa kirefu, kwa sauti ya chini, na nyuma yake kulikuwa na watu wanasubiri. Nilimsikiliza nusu. Nikaandika: "Masharti ya kujiunga na bima ya afya." Nililipenda lile swali langu, lilikuwa safi. Nikalijibu pia: bima inayozungumzwa ni ya walioajiriwa, wanaokatwa kwenye mshahara, na mume asiye na kazi hawezi kujiunga. Kila neno lilikuwa kweli. Alinishukuru, akaondoka.

Ijumaa, kama kawaida yako, ulivaa miwani yako iliyofungwa uzi ukalipitia daftari.

"Huyu ni nani?"

"Mama mmoja wa Tandika. Mumewe kaachishwa kazi kiwandani."

"Maneno yake yako wapi?"

"Ndiyo hayo, Shangazi. Nimeyafupisha tu."

"Mwanangu, nimezaliwa Temeke hii. Hakuna mtu anayekuja hapa akasema masharti ya kujiunga. Alikuwaje?"

Ndipo nilipoliona tumbo lake. Nilikuwa nimeliona siku ile ile, lakini kwenye swali langu halikuwa na nafasi. Nikakwambia ni mjamzito.

Ulisimama ukaanza kufunga madirisha. Mzee Chande akalalamika, "Bi Mkubwa, unafunga saa hizi? Sijafika hata kwenye mpira!" Ukamwambia aondoke na gazeti, alirudishe kesho. Hukuwahi kumruhusu mtu kutoka na gazeti. Hapo nikajua unaogopa.

Tulikwenda tukiuliza nyumba hadi nyumba. Mumewe alikuwa mlangoni. "Nyie ndio mliomwambia asiye na bima hapokelewi kliniki?" Ndani, yeye alikuwa amekaa mkekani, miguu na uso vimevimba. Alikuwa ameacha kwenda kliniki tangu siku ile.

Nilifungua mdomo. Ukanifinya mkono, ukatangulia.

"Ni mie niliyemwambia, baba. Nilikosea. Mjamzito hadaiwi kitu, awe na bima asiwe nayo. Nawe mama, jifunge kanga twende."

Walimlaza siku hiyo hiyo kwa presha. Alijifungua kabla ya wakati, msichana, na wote wawili walirudi nyumbani. Mume alishtaki, na ilikuwa haki yake. Barua ya onyo ikaja kwa jina lako. Nilisema nitakwenda kueleza ukweli. "Wewe ndiyo kwanza unaanza," ulisema huku ukitia saini. "Mie nimebakiza miaka miwili. Faili langu lenyewe limekaa tu, acha lipate cha kusoma." Ukacheka. Mie nilinyamaza, na nimenyamaza miaka yote hii, na kwa kunyamaza kwangu watu wamekuita wewe mzembe na mie hodari.

Wiki iliyopita nilikwenda Tandika. Binti yake sasa anaandika ukutani kwa mkaa. Nikamwambia mama yake kwamba aliyekosea nilikuwa mie.

"Najua," akasema. "Yule bibi sikuwahi kumwona kabla ya siku ile aliyokuja hapa."

"Mbona hukumwambia baba watoto?"

"Bibi aliniangalia huku kakushika mkono. Nikaona naye ana mtoto wake tumboni."

Shangazi, nililia pale pale mkekani, na yeye akaniacha nilie. Kisha nikatoa daftari, nikamwomba aniulize tena, na safari hii nikaandika bila kunyoosha, nikamsomea. Akasema, ndilo.

Kesho nitafungua ukurasa huo. Nitawasomea kwanza mstari wangu, niwaambie mwandiko ni wa nani na onyo lilikuwa la nani. Halafu nitawasomea wa chini yake: "Dada, mie nina mimba na mume wangu hana kazi. Wanasema kuna bima. Sasa sie ambao si yetu, kliniki niende, au nikae?"

Nitawaachia wao walijibu.

Pumzika, Shangazi. Nakuondolea onyo lako.

Binti wa kaka yako