Mawe Sita ya Ukutani

Assalaam alaykum, Baba.

Ulitufundisha kwamba asiyejua kupanga salamu hataaminiwa kupanga neno. Kwa hiyo, kabla sijakusemesha wewe, niruhusu niwatambue waliokaa juu ya mikeka mbele yangu, kila mmoja kwa daraja lake. Yupo shehe wetu, aliyetuongoza asubuhi hii katika hitima yako ya mwaka. Yupo Baba Mkubwa, kaka yako wa mama mwingine, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Shikamoo nimempa mara mbili, moja ikiwa ni yako. Yupo mwenyekiti wa kitongoji. Yupo Mzee Kaika, jirani yako mfugaji, aliyekuja na fimbo yake na kukataa kiti. Yupo mdogo wangu Rajabu, yupo fundi Hoza kutoka Mkumbara, na wapo majirani wa Sindeni waliokubeba hadi makaburini.

Mama nimemtaja mwisho kwa makusudi. Yupo, lakini amekaa mlangoni pa jiko la nje, na huko ndiko anakolala tangu juzi. Hataki kuingia katika nyumba yake. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike barua hii, na ndiyo inayonifanya niisome hadharani badala ya kuikunja na kuificha sandukuni.

Kwanza, habari za nyumba. Usingeitambua, Baba. Lile bati lako lililokuwa likitoa jasho la kutu limeshushwa, limepandishwa bati la msauzi, jekundu. Juu kuna dari ya jipsamu. Madirisha ya mbao, yale uliyokuwa ukiyafunga kwa kipande cha gunia wakati wa vumbi, yametoka. Yameingia ya alumini yanayoteleza bila kelele. Chini tumeweka vigae. Rajabu alisimamia kila kitu, nami nilikuja kila Jumamosi kutoka Korogwe baada ya vipindi, nikiwa na daftari na maswali mengi, hata fundi Hoza akaniambia kwa upole, "Mwalimu, nyumba haifanyi mtihani."

Wakati wote huo Mama alikuwa kwangu Korogwe. Tulimwambia kwamba anakuja kupumzika na kuonana na daktari wa macho, kwa kuwa alikuwa akilalamika kidogo juu ya kusoma. Kwa daktari hakufika; kila wiki alikuwa na sababu ya kuahirisha. Hatukumwambia neno juu ya nyumba. Tulitaka aifungue kama mtu anavyofungua zawadi. Ukiniuliza kosa letu lilianzia wapi, Baba, nitakuonyesha hapo hapo.

Utaukumbuka ule ukuta wa katikati, uliotenganisha sebule na ukumbi mwembamba wa kwendea vyumbani. Ulikuwa umevimba tumboni na kupinda kuelekea mwisho, na sisi watoto tukauita ukuta mjamzito. Ulituruhusu kuucheka. Hukuturuhusu kuupigilia msumari. "Kuta nyingine zipo tatu, chagueni," ulisema, nasi tukatundika kalenda kwingine bila kuuliza. Leo najishangaa. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kuuliza kwa nini, nilikaa katika nyumba ile miaka kumi na minane na sikukuuliza hata mara moja.

Katika ramani ya Rajabu ukuta ule ulikuwa wa kuondoka. Nyumba ni ndogo, nawe unajua. Wageni wanne wakiketi sebuleni, wa tano anasimama mlangoni kama askari. Siku ya kuubomoa nilikuwapo. Hoza aliinua nyundo kubwa, akapiga, nasi sote tukasubiri mlio. Haukuja. Nyundo ilizama kama imepigwa kwenye mkungu wa ndizi. Hoza akaivuta, akachungulia tundu lile, akasema, "Mwalimu, hili si tofali."

Kweli halikuwa tofali. Chini ya chokaa kulikuwa na udongo, na ndani ya udongo kulikuwa na miti na fito. Nyumba ya matofali ya kuchoma, kuta zake zote ni za tofali, isipokuwa mmoja wa katikati, ambao ni wa kukandika. Rajabu alicheka sana. Alisema mzee aliishiwa matofali akaona haya kusema. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona raha ile ninayoiona mwanafunzi anapoleta jibu lisilokuwamo kitabuni. Nikamwomba Hoza aweke nyundo chini na akwangue taratibu kwa mwiko.

Ndipo yakatoka mawe. Madogo, laini, ya mtoni, kiasi cha mayai ya njiwa. Yalikuwa yamegandamizwa kwenye udongo upande wa ukumbini, usawa wa kiuno cha mtu. Karibu na mlango wa chumba chenu kulikuwa na moja. Mbele kidogo, panapokatiza njia ya stoo, yalikuwa mawili, yameshikana. Mwishoni, kabla ya mlango wa uani, matatu. Moja, mawili, matatu. Juu yake chokaa kilikuwa chembamba sana, kiasi kwamba ukipapasa unayahisi.

Baba, ungetuona. Kazi ilisimama siku mbili kwa sababu ya mawe sita. Hoza alisema ni alama ya fundi wa zamani, na kwamba Mkumbara alikuwapo mzee aliyekuwa akitia jiwe kila nyumba aliyoijenga. Rajabu alisema ni vipimo vya kuweka rafu. Tulimwita Baba Mkubwa kutoka Ngombezi. Alishika kamba iliyofunga zile fito, akaizungusha vidoleni, akasema, "Katani hii niliileta mimi kutoka shamba la mkonge, nikiwa kijana kambini. Alinambia anafunga zizi la mbuzi." Kisha akayatazama mawe, akarudi nyuma hatua moja. "Wazee hawaweki jiwe bure. Mimi siligusi."

Mzee Kaika alipita na ng'ombe wake, akaingia kuangalia watu wanaoangalia ukuta. Aliinama, akanusa udongo. "Huyu ng'ombe ni wangu," akasema. "Mimi ng'ombe wangu simpotezi hata akiwa ndani ya ukuta." Tulipoacha kucheka akaeleza kwamba zamani, alipohamia tu hapa, ulikuwa ukichukua samadi zizini kwake kila kiangazi, ukiichanganya na udongo. Baadaye ukaacha, miaka mingi. Kisha miaka yako mitatu ya mwisho ukaanza tena, kidebe kimoja kimoja. Alidhani ni kwa ajili ya bustani.

Nililiandika hilo katika daftari langu na kulipigia mstari. Mtu mwenye bustani iliyokwisha kauka, samadi ya nini? Lakini sikulifuata. Tulikuwa tumemuuliza fundi, na kaka wa marehemu, na jirani, hata mpita njia mmoja aliyekuwa akiomba maji. Hatukumuuliza mwenye nyumba, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa akiandaliwa zawadi. Jibu lilikuwa kwangu Korogwe, limeketi barazani likichambua mchele kwa vidole, bila kuutazama, nami kila jioni nilipita mbele yake nikampa shikamoo.

Siku ya tatu ukuta ulibomolewa. Hoza, kwa kuwa ni mtu makini, aliilaza ile miti nyuma ya nyumba badala ya kuichoma. Mawe sita niliyaosha nikayatia katika bakuli. Sikujua nayawekea nini. Niliona tu kwamba kuyatupa ni kufunga swali kabla ya wakati.

Juzi tulimleta Mama. Rajabu alitangulia akafungua mlango, mimi nikamshika mkono hadi kizingitini nikamwachia, kwa sababu nilitaka aingie peke yake kama malkia. Sebule ni kubwa sasa, Baba. Mwanga unaingia pande mbili. Mama alipiga hatua nne juu ya vigae, akasimama. Akanyoosha mkono wa kushoto. Mkono ulikaa hewani. Akasogea kidogo kushoto, akaunyoosha tena, vidole vikitafuta, na hapo ndipo nilipomtazama usoni na kuona kwamba haangalii popote.

Akasema, kwa sauti ya adabu ile anayoitumia ugenini, "Nimefikishwa kwa nani?"

Rajabu alitoka nje. Mimi nilisema maneno mengi, ya kumweleza dari, na madirisha. Mama aliniacha nimalize. Kisha akaomba apelekwe jikoni, lile jiko la nje ambalo hatukuligusa, akaingia mwenyewe bila kuongozwa, akakaa kwenye kigoda chake, na mikono yake ikatulia.

Hapo ndipo nilipomletea bakuli. Nilimwekea mapajani. Alitia mkono, akayahesabu. "Sita," akasema. "Yametimia. Mmeyatoa wapi?" Alijua tumeyatoa wapi.

Akanisimulia, nami naisimulia hapa ili watu wote wa ukoo waijue. Bibi, mama yako, ambaye alifariki kabla sijazaliwa, alikuwa haoni. Alikuwa akiishi katika nyumba ya miti na udongo mahali hapa hapa, na aliijua kwa mkono wake. Ulipotaka kumjengea nyumba ya matofali, hukumhamisha. Ulijenga kuta mpya zikaizunguka ile ya zamani, Bibi akiwa ndani anasuka ukili, mpaka nyumba ikawa ndani ya nyumba kama kiini ndani ya ganda. Ulipopaua, ukaanza kuivunja ile ya ndani na kuitoa mlangoni, kidogo kidogo. Kuta tatu zikatoka. Wa nne ulikuwa ndio barabara ya Bibi, ukauacha, na ukamgandamizia mawe: moja hapa ni kulala, mawili hapa ni chakula, matatu hapa ni uani. "Nilipoolewa," Mama alisema, "nilimkuta mama mkwe anatembea na ukuta kama unavyotembea na rafiki."

Bibi alipofariki ulikandika juu ya mawe, ukapaka chokaa, ukuta ukawa ukuta.

Sasa sikiliza hili, ijapokuwa wewe ndiwe unayelijua na sisi ndio tuliochelewa. Macho ya Mama yalianza kuzima miaka minne iliyopita. Hakumwambia mtu. Aliogopa tungemchukua, tumweke chumba cha nyuma katika nyumba ya mtu mwingine, na asife hapa. Hakukuambia hata wewe. Nilimuuliza mara mbili, Baba, maana hilo ndilo lililoniondolea usingizi. "Sikumwambia," alisema. "Nilijitahidi, hata chai nilimmiminia bila kumwaga. Siku moja napita ukumbini, mkono unasoma ukuta, nikakuta jiwe mahali pake. Wiki iliyofuata yakawa mawili. Na yeye hakuniambia."

Basi mlikaa hivyo miaka mitatu, mkinywa chai, yeye akificha na wewe ukikandika.

Ulijuaje? Hili ndilo swali langu, nami nalileta kwako nikijua halijibiwi. Ni chai? Ni namna alivyoinamisha kichwa akikusikiliza? Au uliwahi kumwona mama yako akinyoosha mkono hivyo, miaka hiyo, na ulipouona mkono wa mkeo ukapanda vile vile ukaondoka kimya na kidebe chako kwenda kwa Kaika? Nimesoma vitabu vingi, na umenizidi kwa ndoo ya samadi. Nasema hivi bila haya mbele ya shehe na mwenyekiti.

Mama ameniambia kwamba hana hasira. Amesema nyumba ni nzuri, amesikia harufu yake, na sisi tuishi humo. Yeye atabaki jikoni hadi Mungu atakapomtaka. Wewe unajua Mama anaposema hana hasira huwa anasema kweli, na hilo ndilo linalotushinda kulibeba.

Kwaheri, Baba. Nakuaga kama ulivyokuwa ukituaga sisi tukirudi shule, bila kusimama njiani. Ahadi yangu kwako ni kwamba mkono wa Mama hautakaa hewani tena, na kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayeandaliwa jambo jema bila kuulizwa.

Na sasa nakugeuzia kisogo kwa heshima, niwaelekee waliopo.

Wazee wangu, ndugu zangu, watoto wa marehemu tulikaa jana na tukakata shauri, na Baba Mkubwa amelibariki. Ukuta unarudi, wa miti na udongo, mahali pale pale. Sebule itakuwa ndogo tena, na mgeni wa tano atasimama mlangoni. Jumamosi hii, baada ya chai, tunaitisha msaragambo. Kila nyumba ilete mtu mmoja na ndoo moja. Rajabu atang'oa vigae mstari mzima. Amejitolea mwenyewe, kabla sijamwomba. Baba Mkubwa analeta katani. Mzee Kaika, ng'ombe wako wanahitajika. Miti ipo, Hoza aliitunza.

Hoza, wewe njoo bila pimamaji na bila timazi. Ukuta ule ulipinda, na lazima upinde vile vile, na hakuna aliyeupima. Nimemuuliza Mama leo alfajiri kama anaweza kutuonyesha ulipopita. Amesema miguu yake haijasahau. Kwa hiyo kabla ya ndoo ya kwanza ya udongo, Mama ataingia ndani, ataenda polepole kutoka mlango wa mbele hadi uani na bakuli lake la mawe, na mimi nitamfuata nyuma nimeinama, na chaki mkononi. Pale atakapopita, ndipo mtakapochimba.